Kusamehe na Kupatana katika Tamthilia ya Tufani: Usomaji Kutoka Kitui na Makueni

Utangulizi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikiwekwa bega kwa bega huonekana kupingana. Ya kwanza husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili huonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Methali ya kwanza hupendwa sana na wanaotaka ugomvi uishe upesi, hasa wale waliokosa. Ya pili hukumbukwa na waliokosewa. Baina ya methali hizi mbili ndipo ulipo mgogoro wa tamthilia ya Tufani ya William Shakespeare, na ndipo ulipo mgogoro wa familia nyingi zetu, ambapo ndugu wa tumbo moja hawaamkiani kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Makala haya yananuia kufafanua jinsi dhamira ya msamaha na upatanisho inavyoendelezwa katika tamthilia hiyo, na kuipima kwa mizani ya mila na historia ya Ukambani, hususan kaunti za Kitui na Makueni. Hoja yetu kuu ni kwamba kusamehe na kupatana ni vitendo viwili tofauti. Kusamehe kunaweza kutendwa na mtu mmoja peke yake. Kupatana kunahitaji pande mbili, na kila upande una kitu cha kuweka chini: mkosaji aweke alichokitwaa, naye mkosewa aweke silaha yake. Tukiisoma Tufani kwa jicho hili, tutagundua kwamba mwisho wake, ambao aghalabu husifiwa kuwa mwisho wa furaha, una ufa ambao msomaji makini hana budi kuuona.

Lugha zenyewe zinatusaidia kuiona tofauti hii. Katika Kiswahili, kitenzi “samehe” humhitaji mtendaji mmoja na mtendwa. Kitenzi “patana” kina kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Hakuna anayepatana peke yake. Kikamba nacho kinatenganisha mambo haya. Kusamehe ni “kũekea”, neno lenye uhusiano na kuacha au kuachilia. Makubaliano ni “wĩw'ano”, neno litokanalo na kusikia. Waliokubaliana ni watu waliosikizana. Kwa hiyo mtu anaweza kuachilia akiwa kimya chumbani mwake, lakini hawezi kusikizana na asiyetaka kusema.

Tamthilia na Tafsiri Yake

Shakespeare aliiandika Tufani katika miaka ya mwisho ya utunzi wake, yapata mwaka 1610 na 1611. Onyesho lake la kwanza linalojulikana katika kumbukumbu lilifanyika mbele ya Mfalme James wa Kwanza mjini London, tarehe 1 Novemba 1611. Ilichapishwa mwaka 1623 katika mkusanyiko wa tamthilia zake, nayo ndiyo iliyotangulizwa mbele ya zote.

Msomaji wa Kiswahili aliipata kazi hii kupitia kwa S. S. Mushi wa Tanzania, ambaye tafsiri yake ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya tafsiri yake ya Makbeth. Huo ulikuwa wakati wa ari kubwa ya kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fasihi ya dunia. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameshaitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Tamthilia hiyo ya pili inazungumzia huruma mahakamani, lakini huruma yake humwacha Shylock bila nusu ya mali yake na bila dini yake. Tufani inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwenye uwezo wa kulipiza kisasi ndiye huyohuyo aliyekosewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Prospero alikuwa mtawala wa Milan, lakini alizama katika vitabu na kumwachia ndugu yake Antonio shughuli za serikali. Antonio alionja utawala, akautamani, akala njama na Alonso, mfalme wa Naples, wakampindua Prospero na kumtupa baharini pamoja na bintiye mdogo, Miranda, katika chombo kibovu. Waliponea chupuchupu kwa sababu mzee Gonzalo aliwapa kwa siri chakula, nguo na vitabu. Wakatua katika kisiwa. Miaka kumi na miwili baadaye, maadui hao walikuwa safarini kutoka Tunis, walikohudhuria arusi ya binti Alonso, na meli yao ikapita karibu na kisiwa. Kwa uganga wake na kwa msaada wa roho aitwaye Ariel, Prospero aliivumisha tufani akawatia mkononi.

Hatua za Msamaha

Shakespeare hatupi msamaha kwa ghafla. Anaujenga hatua kwa hatua, na kila hatua ina uzito wake.

Hatua ya kwanza ni kulitaja kosa. Katika Tendo la Kwanza, Prospero anamsimulia Miranda yaliyotokea. Usimulizi huu ni mrefu, na baadhi ya wasomaji huuona kuwa unachosha. Lakini hauna budi kuwepo, kwa sababu kosa lisilotajwa haliwezi kusamehewa. Isitoshe, Prospero anakiri katika usimulizi huo kwamba uzembe wake mwenyewe ulimfungulia ndugu yake mlango wa tamaa. Anamlaumu Antonio bila kujitakasa kabisa.

Hatua ya pili ni kumfanya mkosaji aisikie sauti ya kosa lake. Katika Tendo la Tatu, Alonso, Antonio na Sebastian wakiwa na njaa wanaandaliwa karamu. Wanapokaribia kula, Ariel anajitokeza katika umbo la ndege wa kutisha, chakula kinatoweka, na dhambi yao inatangazwa. Ni muhimu kutambua kuwa chakula kinazuiwa. Kwa mantiki ya tamthilia hii, wenye hatia iliyofichwa hawawezi kuketi mezani kana kwamba hakuna lililotendeka.

Hatua ya tatu ni huruma. Katika Tendo la Tano, Ariel anamweleza Prospero jinsi mateka walivyotaabika, na kwamba laiti yeye Ariel angekuwa binadamu, moyo wake ungelainika. Prospero anaguswa na kuona aibu: ikiwa roho isiyo na nyama wala damu inaweza kuwahurumia, itakuwaje yeye aliye binadamu ashindwe? Hapo anaamua kwamba utu wema ni wa thamani kuliko kisasi. Hata hivyo anaweka sharti: anachokitaka ni majuto yao.

Hatua ya nne ni kurejesha. Alonso, ambaye anaamini kuwa mwanawe Ferdinand amekufa maji, anamrudishia Prospero utawala wake na kuomba radhi, hata kabla ya kufahamu kwamba Ferdinand yu hai. Baadaye anakiri kuwa amefikia mahali pa kumwomba msamaha hata kijana, yaani Miranda. Kwa upande huu upatanisho unakamilika: kuna kukiri, kuna kurejesha na kuna kuomba.

Hatua ya tano ni kuweka silaha chini. Prospero anaahidi kuivunja fimbo yake ya uganga na kukizamisha kitabu chake baharini. Anakubali kurudi Milan akiwa mtu wa kawaida, asiye na uwezo wa kuvumisha upepo dhidi ya wabaya wake. Hatua hii ndiyo inayotuleta Ukambani.

Mizani ya Ukambani

Katika jamii ya Wakamba wa jadi, ugomvi haukuwa mali ya watu wawili. Uliwahusu watu wa utui, yaani ujirani, pamoja na mbari za wagomvi. Wazee walikutana katika nzama, baraza lao, wakasikiliza pande zote. Mtafiti Gerhard Lindblom kutoka Uswidi, ambaye kitabu chake kuhusu Wakamba kilikamilika mwaka 1920, na baadaye D. J. Penwill, aliyechapisha kitabu kuhusu sheria za kimila za Wakamba mwaka 1951, waliyarekodi mengi ya mambo haya. Mtu alipouawa, mbari ya muuaji ililipa fidia ya mifugo kwa mbari ya marehemu. Hata baada ya malipo, kulikuwa na haja ya utakaso uitwao ng'ondu ili uchafu wa tendo lile uondolewe na maisha ya pamoja yarejee. Malipo yalishughulikia hasara, na utakaso ulishughulikia uhusiano. Moja halikuchukua nafasi ya jingine.

Pale ambapo ukweli ulikataa kujitokeza, wazee walikuwa na kithitu. Hiki kilikuwa kiapo kizito kuliko vyote. Kifaa chenyewe kiliogopwa kiasi kwamba hakikuwekwa nyumbani walimoishi watu. Iliaminika kwamba aliyeapa uongo angekufa, na kwamba mauti yangewafuata hata jamaa zake. Kwa hiyo kithitu kilikuwa chombo cha haki na wakati huohuo silaha ya maangamizi. Hakikutolewa ovyo, na ndugu walionywa wasikimbilie kiapo ambacho kingeweza kuimaliza nyumba yao wenyewe.

Ulinganisho na uganga wa Prospero unajitokeza wazi. Fimbo na kitabu chake ni nguvu iliyomwezesha kuupata ukweli na kuwatia hofu wakosaji. Bila nguvu hiyo Antonio asingefikishwa mbele ya baraza lolote. Lakini nguvu hiyohiyo ikibaki mkononi mwake, hapawezi kuwa na upatanisho, kwa sababu asiyeweza kukataa hawezi pia kukubali. Mtu aliyeelekezewa kithitu hukubali mengi kwa hofu. Ataonekana amepatana kumbe ametishika. Ndiyo maana ni lazima nguvu hiyo iondolewe kati ya wagomvi kabla hawajaitwa ndugu tena. Kwa kuahidi kuivunja fimbo, Prospero anaonyesha kwamba ameielewa kanuni hii.

Mafundisho ya Kikristo nayo yalileta msamiati mwingine wa msamaha. Misheni ya African Inland ilianzisha kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Makanisa yalipinga kithitu na kusisitiza msamaha utolewao bure, bila fidia. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hapatikani nje ya jamii yake. Tukiufuata mwelekeo huo, msamaha wa moyoni ni mwanzo mwema, lakini haujakamilika hadi jamii iuone na kuushuhudia. Leo mkazi wa Wote au Mutomo huenda akaurithi msamiati wote wawili: atamsamehe ndugu yake kanisani Jumapili, na Jumatatu aende kwa wazee wa mbari kuuliza mpaka upitie wapi. Hakuna unafiki hapo. Jumapili anasamehe, Jumatatu anatafuta kupatana.

Ufa katika Mwisho wa Tamthilia

Baada ya kuvipima vigezo hivi, turudi kwa Antonio. Prospero anamwambia waziwazi kwamba anamsamehe, huku akimwita kwa maneno makali na kumtaka arudishe utawala. Antonio hajibu. Katika onyesho hilo lote la mwisho, maneno pekee anayoyatamka ni dhihaka kuhusu Caliban na uwezekano wa kumpeleka sokoni. Hakiri, haombi radhi, halii. Wahakiki wamelitafsiri kimya hiki kwa namna mbalimbali: wapo wanaokiona kuwa aibu, na wapo wanaokiona kuwa ukaidi. Kwa mizani ya nzama, kimya ni kimya. Baraza haliwezi kufungwa wakati upande mmoja haujasema. Prospero amesamehe. Hawajapatana.

Lakini kosa haliko kwa Antonio pekee. Kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Wakiwa kisiwani, Antonio na Sebastian walipanga kumuua Alonso akiwa usingizini. Prospero anafahamu. Katika onyesho la mwisho anawanong'oneza kwamba angeweza kuwafichua kwa mfalme, lakini kwa sasa hatasema. Tulitafakari neno “kwa sasa”. Prospero ameahidi kuivunja fimbo, lakini siri ameibakiza. Ametupa silaha kubwa iliyoonekana, akaficha kisu kidogo ndani ya nguo. Antonio atarudi Italia akijua kuwa maisha yake yamo kinywani mwa ndugu yake. Je, hicho si kithitu kingine? Kwa hiyo ufa una pande mbili: mkosaji hakusema, na mkosewa hakuweka silaha zote chini.

Waliosahauliwa Barazani

Upatanisho wa wakubwa una desturi ya kuwasahau wadogo. Caliban anadai kisiwa kuwa chake kwa urithi wa mama yake, Sycorax, aliyetoka Algiers. Yeye ndiye aliyemwonyesha Prospero chemchemi za maji matamu na ardhi yenye rutuba, kisha akafanywa mtumwa. Ni kweli kwamba Prospero anatoa sababu nzito, kuwa Caliban alijaribu kumnajisi Miranda, na kosa hilo halifai kupuuzwa. Hata hivyo, Milan inarudishwa kwa Prospero, lakini hakuna anayezungumzia kisiwa kurudishwa kwa Caliban. Anatakiwa yeye tu aombe msamaha, naye anaahidi kuwa na busara na kutafuta fadhila.

Historia yetu inalijua jambo hili. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, kupunguza mifugo yao, na ng'ombe wakatwaliwa. Umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa na kupelekwa Lamu. Hatimaye serikali iliachana na ulazimishaji huo. Tunaweza kusema kwamba kulikuwa na kurejesha, lakini hapakuwa na kukiri wala kuomba radhi. Aliyedai haki ndiye aliyeadhibiwa. Hivyo wimbi lilitulia lakini hapakuwa na kupatana.

Miranda naye anastahili kutajwa. Ndoa yake na Ferdinand ndiyo inayofunga mapatano ya Milan na Naples. Ni bahati yake kwamba anampenda kijana huyo kwa dhati. Claribel, binti Alonso, aliozwa Tunis kwa shingo upande. Nzama nayo ilikuwa baraza la wanaume. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza upatanishi na njia za jadi za kutatua migogoro, lakini inakataza njia hizo zisikiuke Sheria ya Haki za Binadamu iliyomo katika Katiba. Sharti hili lina maana kubwa kwa binti anayedai sehemu ya shamba la babake mbele ya wazee wa mbari. Baraza linalopatanisha ndugu wawili wa kiume huku dada yao akiwa jikoni limekamilisha nusu ya kazi.

Hadhira kama Shahidi

Tamthilia inamalizika kwa namna isiyo ya kawaida. Prospero anabaki peke yake jukwaani, amejivua nguvu, na kuwaomba watazamaji wamfungue kwa makofi yao, kwa kuwa wao pia wangependa kusamehewa makosa yao. Aliyekuwa hakimu sasa ndiye anayeomba. Hadhira inageuzwa kuwa utui: mashahidi ambao bila kauli yao shauri halifungwi.

Makueni iliwahi kuushuhudia mfano wa hadhira iliyoingia jukwaani. Mwaka 2014 mzozo kati ya Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti ulikuwa mkali kiasi kwamba tarehe 23 Septemba risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge hilo mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wakazi waliwasilisha ombi la kutaka kaunti ivunjwe ili uchaguzi urudiwe. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais ilipendekeza kaunti isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa, na waliokuwa wakizozana wakabaki kuendelea kufanya kazi pamoja hadi uchaguzi wa Agosti 2017, ambapo Kibwana alichaguliwa tena. Bila kuingia katika swali la nani alikuwa na haki, tunajifunza kwamba ugomvi wa viongozi haukuwa wao peke yao. Wananchi waliolipia gharama ya mzozo kwa huduma zao walidai nafasi ya kusema. Nani angewaomba wao radhi?

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Tufani ni darasa la msamaha kwa sababu inauonyesha hatua kwa hatua: kutaja kosa, kulisikia, kuhurumia, kurejesha, na kuweka silaha chini. Tumeonyesha pia kwamba upatanisho wake umekamilika kwa Alonso, haukukamilika kwa Antonio, na kwa Caliban haukuanza. Mila za Ukambani zimetusaidia kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa zilitenga malipo na utakaso, na kwa kuwa zilijua hatari ya kumpatanisha mtu aliye chini ya tishio. Mila hizo nazo zina upungufu wake, hasa kwa wanawake, na hatuna sababu ya kuuficha.

Kwa wanafunzi watakaoiigiza tamthilia hii, tunapendekeza kimya cha Antonio kisipitwe haraka. Mwigizaji apewe muda wa kusimama mbele ya ndugu yake bila neno, ili hadhira ya Kitui au Makueni ijiulize inalomjua vyema: huyu amekubali, au anangoja tu baraza liishe? Kwa wasomaji wote, tunakumbusha methali nyingine ya wahenga: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mara nyingi hutumiwa kuwatahadharisha majirani wasijiingize katika ugomvi wa ndugu. Lakini ina funzo jingine kwa ndugu wenyewe. Baina ya jembe na kapu kuna msimu mzima wa kupanda, kupalilia na kungoja mvua, na katika ardhi kavu ya Ukambani kila mtu anajua kwamba mavuno hayaji kwa kutamka tu kuwa yaliyopita si ndwele.